Fanesi au pampu ya joto? Mwongozo kamili kwa wenye nyumba katika majimbo ya baridi

Fanesi ya zamani, yaani mtambo unaopasha nyumba nzima joto kwa kuchoma fueli, huwa inakufa Januari, kwa kuwa ndio mwezi inaofanyishwa kazi kweli. Ikizimika usiku ambao nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri na watoto wamelala na makoti, mwenye nyumba hana tena nafasi ya kuchagua. Anachukua mtambo wowote ambao kampuni inao ghalani, kwa bei yoyote atakayotajiwa, na anaishi nao miaka 15 au 20.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wa Columbus, Minneapolis, Des Moines, Portland ya Maine na miji mingine ya Marekani yenye theluji, ambao wengi wao wamenunua nyumba ya kwanza na hawakukulia mahali ambapo nyumba hupashwa joto kwa mtambo. Fuata hatua hizi msimu wa joto, fanesi yako ikiwa bado inafanya kazi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: fueli inayokupasha joto leo, na bei yake mtaani kwako, vina uzito kuliko jina la kampuni iliyotengeneza mtambo na kuliko maneno ya muuzaji.

Mitambo yenyewe inavyofanya kazi

Fanesi inachoma gesi ya bomba, propeni au mafuta. Moto unapasha chuma kinachoitwa kibadilisha joto, feni inapitisha hewa ya nyumba juu ya chuma hicho, na hewa hiyo inasambaa vyumbani kupitia mifereji ya bati. Moshi unatoka nje kwa bomba lake. Ubora wake hupimwa kwa namba inayoitwa AFUE. Fanesi yenye AFUE ya 80 inapoteza dola 20 katika kila dola 100 za gesi unazolipia; zinatoka na moshi. Za kisasa zinafika 95 hadi 98.

Pampu ya joto umeshaiona, hata kama hukuijua kwa jina hilo. Kiyoyozi cha spliti cha Dar es Salaam au Muscat kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto ni mtambo huohuo uliowekewa vali ya kugeuza mzunguko, ili wakati wa baridi uchukue joto la nje na kulileta ndani. Hewa ya nje bado ina joto hata maji yakiwa yameganda, na mtambo unaweza kulichukua kwa sababu gesi ya friji inayozunguka kwenye mtambo ni baridi zaidi kuliko hewa hiyo, na joto huhamia penye baridi zaidi. Kompresa ikiibana gesi hiyo, inapanda joto na kulimwaga ndani ya nyumba.

Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme inaweza kukuletea uniti 3 za joto. Uwiano huo huitwa COP. Hita ya kawaida ya umeme ina COP ya 1, iwe ya bei rahisi au ya bei ghali. Pampu nzuri huwa na COP ya karibu 4 nje ikiwa nyuzi 47 za Fahrenheit (8 za Selsiasi), na hushuka hadi karibu 2 ikifika nyuzi 5 za Fahrenheit (-15 za Selsiasi). Hapo ndipo ugomvi wote ulipo: mtambo unadhoofika saa ileile nyumba inapohitaji joto zaidi.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Shuka chini ya nyumba na tochi. Ondoa kifuniko cha mbele cha fanesi, kile kinachochomoka kwa mkono, usome kibandiko kilicho ndani. Andika modeli, mwaka wa kutengenezwa kama upo, na namba ya BTU (kipimo cha joto) kwa saa. Kisha fuata bomba la moshi kwa macho. Likiwa la chuma linalopanda kwenye chimni, fanesi hiyo kwa kawaida ni ya asilimia 80 au chini yake. Likiwa la plastiki nyeupe linalotoka pembeni ya ukuta, na chini kuna kibomba chembamba kinachodondosha maji, una fanesi ya asilimia 90 na zaidi. Kama ni hii ya pili na haijafika miaka 12, usiharakishe kuibadilisha.

Angalia na kiyoyozi cha nje. Nyumba nyingi zina fanesi na kiyoyozi vinavyotumia mifereji ileile. Umri wa kiyoyozi hicho una maana kubwa, nitaurudia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya fueli

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, na ndiyo yenye jibu. Chukua bili ya gesi ya Januari. Toa ada ya kudumu ya kila mwezi, ile unayolipa hata usipowasha chochote, kisha gawanya kiasi kilichobaki kwa idadi ya themu (kipimo cha gesi) ulizotumia. Bili nyingine huhesabu kwa CCF, yaani futi za ujazo 100, ambayo ni karibu sawa na themu moja. Fanya hivyohivyo kwenye bili ya umeme: gharama zote za matumizi, pamoja na za usafirishaji, gawanya kwa uniti, zinazoandikwa kWh. Usitumie bei ya uniti iliyoandikwa peke yake kwenye mstari mmoja. Mara nyingi ni nusu tu ya ukweli.

Sasa zidisha bei ya uniti moja ya umeme kwa 28, kisha gawanya kwa bei ya themu. Themu moja ndani ya fanesi ya asilimia 95 inakupa joto la karibu uniti 28, na ndiko namba hiyo inakotoka. Jibu utakalopata ni COP ambayo pampu lazima iifikie ili bili yake ilingane na ya gesi.

Tuseme umeme ni senti 15 na themu ni dola 1.20. 0.15 mara 28 ni 4.2, gawanya kwa 1.20 unapata 3.5. Katika majira ya baridi ya kaskazini, pampu haitafika wastani wa 3.5. Kwa bei hizo, gesi inashinda kwenye bili. Lakini umeme ukiwa senti 11 na themu dola 1.50, jibu linakuwa kama 2, na pampu nzuri inalipita bila shida. Nyumba mbili zinazofanana katika majimbo mawili tofauti zinaweza kupata majibu yanayopingana, na yote yakawa sahihi. Ndiyo maana ushauri wa binamu aliye jimbo lingine haukufai.

Wa propeni, zidisha bei ya uniti kwa 25 kisha gawanya kwa bei ya galoni. Umeme wa senti 15 na propeni ya dola 2.50 vinatoa 1.5. Wa mafuta wenye mtambo wa asilimia 85, zidisha kwa 34. Hata umeme ukiwa ghali, senti 25, na mafuta yakiwa dola 4 kwa galoni, jibu ni 2.1 tu. Pampu ya kisasa inashinda katika hali zote hizo mbili. Na kama nyumba yako inapashwa kwa hita za umeme zilizofungwa chini ya kuta, huna hata haja ya kupiga hesabu. Unatumia COP ya 1, na pampu itapunguza sehemu hiyo ya bili kwa nusu au zaidi.

Jimbo la Maine linaonyesha jambo hili vizuri. Huko nyumba nyingi zilikuwa zikitegemea mafuta. Mwaka 2019 gavana Janet Mills aliweka lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia 2025, na lengo likafikiwa 2023, miaka miwili kabla. Maine ni miongoni mwa majimbo yenye baridi kali. Anayekuambia pampu ya joto haifai penye theluji anazungumzia mitambo ya miaka ya 1990.

Hatua ya 3: Pima ukubwa unaohitaji

Fanesi nyingi zimezidi ukubwa. Bili yako inaweza kuthibitisha. Tuseme Januari ulitumia themu 170, na Julai, ambapo gesi ni ya maji ya kuoga na kupikia tu, ulitumia 20. Kwa hiyo 150 zilikwenda kwenye joto. Fanesi ni ya asilimia 80, basi joto lililoingia vyumbani ni themu 120, yaani BTU milioni 12. Gawanya kwa saa 744 za Januari: wastani wa BTU 16,000 kwa saa. Ikiwa wastani wa mwezi ule ulikuwa nyuzi 30 za Fahrenheit na usiku mbaya kabisa wa mji wako hufika 5, zidisha kwa kama 1.7. Unapata takriban BTU 28,000 kwa saa.

Sasa rudi kwenye kibandiko chako. Huenda kimeandikwa 100,000. Mtambo kama huo unawaka kwa dakika chache, unapiga kelele, unazima, vyumba vya mbali vinabaki baridi, na vyuma vyake vinachoka kwa kuwaka na kuzima. Muuzaji akikuambia atafunga “ukubwa uleule uliokuwepo”, anarudia kosa la mtu wa miaka 25 iliyopita kwa hela zako.

Hesabu yako ni ya kujihami. Hesabu rasmi inaitwa Manual J, na fundi makini huifanya kwa kupima madirisha, kuta, dari na mwelekeo wa nyumba. Iombe kwa maandishi. Kwa pampu, namba muhimu ni BTU inazotoa kwenye nyuzi 5 za Fahrenheit. Ukubwa wa pampu hutajwa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, lakini hiyo ni namba ya siku ya kawaida; pampu ya tani 3 isiyo ya baridi kali inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu usiku unapokuwa mbaya. Zile za baridi kali zimetengenezwa ziendelee kufanya kazi hata kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri za Fahrenheit (-25 za Selsiasi), na baadhi hushuka zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Kagua nyumba kabla ya mtambo

Panda darini. Kama unaona mbao za dari zikichungulia juu ya insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisipotee), pesa ya kwanza iende huko. Ziba na nyufa zinazopitisha upepo. Nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji mtambo mdogo, na mtambo mdogo ni bei nafuu. Wenye kipato cha chini wanaweza kufanyiwa kazi hiyo bure kupitia mpango wa serikali uitwao Weatherization Assistance Program, ulioanza 1976. Kuna pia LIHEAP, unaosaidia kulipa bili za joto.

Mifereji ya hewa nayo ina neno. Fanesi inatoa hewa ya moto sana, nyuzi 120 hadi 140 za Fahrenheit, hivyo mifereji myembamba inatosha. Pampu inatoa hewa ya nyuzi 90 hadi 105, na inahitaji kupitisha hewa nyingi zaidi ili kufikisha joto lilelile. Mifereji ikibana, mtambo bora kabisa utafanya kazi vibaya. Fundi anayetoa bei bila kuitazama hiyo mifereji, muage kwa heshima.

Mwisho, sanduku la breka za umeme. Likiwa la ampea 100 na tayari una jiko na mashine ya kukaushia nguo za umeme, uliza mapema kama litahimili. Kulibadilisha kuwa la ampea 200 ni gharama ya ziada ambayo haipaswi kukushtukiza siku ya kazi.

Hatua ya 5: Chagua

Una mafuta, propeni au hita za umeme: chukua pampu ya joto. Kama nyumba haina mifereji, funga spliti za ukutani, hata moja kwanza sebuleni, huku mtambo wa zamani ukibaki kwa siku mbaya.

Una gesi ya bomba ya bei ndogo, umeme ghali, na baridi ya Minnesota: fanesi ya asilimia 95 na zaidi ni uamuzi wenye akili, na asikuaibishe mtu.

Wengi wenu mko katikati, na hapo ninapendelea mfumo wa fueli mbili. Kumbuka umri wa kiyoyozi. Kikikaribia kufa, usinunue kiyoyozi kingine cha kupoza tu. Nunua pampu ya joto mahali pake. Ni kazi ileile ya fundi, mabomba yaleyale ya shaba, kisanduku kilekile nje, na nyongeza ya bei ni ndogo kuliko kununua mtambo mzima baadaye. Wakati wa kiangazi itapoza nyumba. Vuli na masika itapasha nyumba kwa bei nzuri, kwa kuwa nje hakuna baridi kali. Nje ikishuka chini ya kiwango mlichopanga, themostati (kidhibiti joto cha ukutani) inaizima na kuwasha fanesi. Kiwango hicho hutoka kwenye hesabu ya hatua ya 2: ikiwa gesi yako inadai COP ya 2.8, tazama jedwali la mtengenezaji uone pampu yako inafikia 2.8 kwenye nyuzi ngapi, labda karibu 25 za Fahrenheit, kisha mwambie fundi aweke hapo.

Hatua ya 6: Omba bei kwa kampuni tatu

Kila moja ikupe karatasi yenye modeli ya kisanduku cha nje na cha ndani pamoja na namba ya AHRI, inayothibitisha kuwa viwili hivyo vimepimwa vikifanya kazi pamoja. Iwepo kibali cha manispaa, dhamana ya vipuri, na dhamana ya kazi kando yake, kwani hizo ni mbili tofauti. Uliza gesi ya friji ni ipi. Tangu Januari 2025 mitambo mipya Marekani imehamia R-32 na R-454B. Mtambo wa R-410A uliobaki ghalani unafanya kazi, lakini bei yake inapaswa kushuka.

Kuna mbinu moja inawaumiza wageni. Fundi anakuja kwa ukaguzi wa bei rahisi, anarudi na uso mzito kusema kibadilisha joto kimepasuka, na kwamba familia iko hatarini, tia saini leo. Ufa ni jambo la hatari kweli, kwa hiyo usilidharau. Zima fanesi, dai picha ya ufa wenyewe, na mwite mtu wa pili athibitishe. Mwenye ukweli hatakataa.

Kuhusu mikopo: “miezi 18 bila riba” mara nyingi ina bei iliyopandishwa, au riba inayorudi nyuma kukuhesabia yote ukichelewa. Uliza bei ya pesa taslimu kwanza, kabla hujataja namna utakavyolipa. Kwa Waislamu wanaoepuka riba hii ni lazima, na kwa wengine pia inaokoa hela.

Nafuu ya kodi ya serikali kuu, ile ya asilimia 30 hadi dola 2,000 kwa pampu za joto, imekwisha kwa mitambo iliyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Muuzaji akiendelea kuihesabu kwenye bei yake, mrekebishe. Ruzuku za majimbo zilizotokana na sheria ya 2022 zinaweza kufika dola 8,000 kwa familia za kipato cha chini na cha kati, ila kila jimbo lina utaratibu wake, na kwa kawaida maombi hutangulia kazi. Kampuni yako ya umeme nayo inaweza kuwa na ruzuku yake. Piga simu uulize.

Hatua ya 7: Hewa ya sumu na umeme kukatika

Hapa naomba msomaji atulie. Kwetu Njombe, Limuru au Bukavu, baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa chumbani, na upepo unaopenya kwenye milango na madirisha hutuokoa bila sisi kujua. Nyumba za Marekani zimezibwa. Jiko la mkaa ndani, oveni ya gesi iliyoachwa wazi ili ipashe joto, au gari linalounguruma gereji, vyote hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas, kuna familia zilizopoteza watu kwa njia hiyohiyo. Funga kengele ya kaboni monoksidi kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, hata ukihamia pampu, maadam kuna kitu chochote kinachochoma gesi. Ikilia, tokeni nje wote, kisha piga 911.

Fanesi ya gesi nayo inahitaji umeme wa kuzungusha feni, kwa hiyo umeme ukikatika yote miwili inazima. Tofauti ni kwamba feni ya fanesi inaendeshwa na jenereta ndogo iliyowekwa nje, mbali na madirisha, huku pampu ikidai jenereta kubwa. Kama mtaa wako hukatiwa mara kwa mara, hilo liingie kwenye uamuzi.

Hatua ya 8: Majira ya kwanza ya baridi na pampu

Hewa itakayotoka haitakuchoma mkono. Ni vuguvugu, na inatoka kwa muda mrefu, ndivyo inavyopaswa. Asubuhi ya unyevu na baridi utasikia feni ya nje ikisimama, kisha sauti kama ya pumzi nzito, halafu mvuke mweupe unapanda kutoka kwenye kisanduku. Hauwaki moto. Mtambo umegeuza mzunguko kwa dakika chache kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye koili. Kisanduku hicho kiinuliwe juu ya theluji kwa miguu ya chuma, na kila theluji ikianguka, ifagie kukizunguka.

Usishushe themostati nyuzi nyingi usiku kama ulivyozoea kwenye fanesi. Asubuhi ukiipandisha kwa ghafla, mfumo utaita hita za msaada, zile koili za umeme zilizo ndani. Za kilowati 10 hula uniti 10 kwa saa. Kwa senti 15 ni dola 1.50 kila saa, dola 36 kwa siku nzima. Mwambie fundi azizuie zisiwake nje ikiwa juu ya nyuzi ambazo pampu inazimudu peke yake, na uwakataze watoto kitufe kilichoandikwa EM HEAT, ambacho huizima pampu na kuacha hita hizo peke yake.

Badilisha chujio la hewa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Bili ya Januari ikija, linganisha uniti na uniti za Januari iliyopita, ukikumbuka themu ambazo sasa hulipi. Ikiwa uniti zilizoongezeka zinakugharimu kuliko themu hizo, mpigie fundi akague mipangilio ya hita za msaada kwanza, kwa sababu dhamana ya kazi yake bado ipo.